Mtoto wa Kenge Ale Nini, Alale Wapi?

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 vijana wa kijiji chetu walikuwa wakibomoa kichuguu karibu na mto. Walitaka udongo wa kufyatulia matofali. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha siku tatu, na udongo ulikuwa umelainika. Jembe lilipozama ndani zaidi, wakatoka wanyama wadogo weusi wenye madoa ya manjano. Kila mmoja alikuwa na urefu wa rula ya shule. Vijana wakatupa majembe, wakakimbia.

Mpwa wangu hakukimbia. Wakati ule alikuwa darasa la tano. Alivua shati lake, akawafunika wawili, akaja nao nyumbani kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Watoto wa mamba, mjomba. Wawili."

Nikafunua shati kidogo. Hawakuwa mamba. Mmoja alitoa ulimi mrefu wenye panda kama wa nyoka, akaurudisha ndani, akautoa tena. Ulimi wa mamba umeshikamana na sakafu ya kinywa chake, hawezi kuutoa nje. Hawa walikuwa watoto wa kenge. Nikamwambia mpwa wangu kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Alicheka sana. Mmoja akampa jina la Msafara, wa pili akamwita Kichuguu.

Kisha akaniuliza, "Mjomba, wanakula nini?"

Mimi ni bwana shamba. Nilisomea kilimo, nikapata cheti. Mahindi nayajua, pamba naijua, mihogo naijua. Habari za kenge sikufundishwa. Lakini niliona haya kumwambia mtoto kwamba sijui. Nikasema, "Wape ugali na maziwa kidogo."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Lilifuatwa na mengine. Ninawaandikia makosa hayo kwa sababu kila mwaka, mvua zikianza, watoto wetu huokota watoto wa kenge. Wengine huwapiga mawe. Wengine huwafunga kamba shingoni. Wengine huwapenda, wakawalisha vibaya mpaka wakafa.

KWA NINI WALIKUWA NDANI YA KICHUGUU?

Kenge wa majini ndiye kenge mkubwa kuliko wote katika bara la Afrika. Akikomaa anaweza kupita urefu wa mita mbili, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Huishi kandokando ya mito, mabwawa na maziwa. Yuko kenge mwingine wa nchi kavu, mnene na wa rangi ya vumbi, anayependa miti na mashimo. Habari yetu ya leo ni ya yule wa majini.

Jike akitaka kutaga, hutafuta kichuguu chenye mchwa hai. Huchimba ubavuni kwa kucha zake. Hutaga mayai yake ndani, kwa kawaida kati ya 20 na 60, kisha huenda zake. Harudi tena. Mchwa wakiona nyumba yao imetobolewa, huziba tundu lile kwa udongo. Basi mayai hubaki ndani ya ukuta mgumu. Humo mna joto la kutosha, mna unyevu, na nyegere au nguchiro hawezi kuingia kwa urahisi. Hata mimi niliyekwisha kuona ghala nyingi za mbegu sijaona ghala iliyojengwa vizuri kama hiyo.

Mayai hukaa humo miezi sita, tisa, wakati mwingine zaidi. Watoto wakianguliwa hungoja mvua. Mvua ikilainisha kichuguu, huchimba na kutoka. Wakati huo wadudu ni wengi kila mahali: panzi, kumbikumbi, mende wa porini. Chakula kipo mlangoni.

Kwa hiyo mtoto wa kenge hana mama wa kumlisha. Tangu siku ya kwanza anajua kuwinda. Ukimwona amekaa kimya ndani ya sanduku lako, usidhani anangoja kunyonya.

SIKU ZA KWANZA

Ugali haukuguswa. Maziwa yalichacha ndani ya kisahani. Mpwa wangu alishika mmoja, akamfungua kinywa kwa nguvu, akamtilia uji. Yule mnyama alikohoa na kutoa mapovu. Nikamzuia. Mnyama akilishwa kwa nguvu, chakula huweza kuingia katika mapafu badala ya tumbo.

Siku ya tatu panzi mmoja aliruka ndani ya sanduku. Msafara aligeuza kichwa. Alitoa ulimi mara mbili. Kisha akarukia, akamtafuna, akameza. Tukaelewa.

Ulimi ule wenye panda ndio pua ya pili ya kenge. Huokota harufu hewani na kuipeleka kwenye tundu ndogo zilizoko katika paa la kinywa. Hapo ndipo anapojua kama kitu ni chakula. Ugali haukuwa na harufu ya kitu kinachoishi, na kwake haukuwa chakula.

Mtoto wa kenge ni mla nyama. Humpasi kumpa ugali, wali, mkate, maharage wala maziwa. Chakula chake ni panzi, senene, mende, kumbikumbi, minyoo ya udongo, konokono wadogo, vyura wadogo, vipanya vichanga na samaki wadogo wabichi. Kila kitu kisiwe kikubwa kuliko kichwa chake. Akiwa mdogo hula kila siku, mpaka ashibe. Akikua hula kwa kuruka siku. Asipomaliza, toa mabaki, maana yataleta inzi na siafu. Siafu wanaweza kummaliza kenge mdogo usiku mmoja, kama wanavyomaliza vifaranga.

Yai je? Atalipenda sana. Lakini mke wangu aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Alisema, "Baba watoto, mnamfundisha kula mayai humu humu nyumbani penye kuku wangu?" Tangu siku hiyo hatukumpa yai.

PANZI WENYE SUMU

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo bado linaniumiza.

Mwaka ule mahindi yetu ya vuli yalishambuliwa na viwavijeshi vamizi. Wadudu hawa waliingia nchini kwetu mwaka 2017, na wengi wenu mnawajua. Katikati ya Desemba niliwakusanya wakulima katika shamba moja, nikawaonyesha jinsi ya kupuliza dawa. Niliwaeleza kuhusu upepo. Niliwaeleza wavae glovu na kufunika pua na mdomo. Niliwaambia wasiwalishe ng'ombe wala mbuzi majani ya shamba lile mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Niliona nimesema yote.

Kesho yake mpwa wangu alikwenda kutafuta panzi. Aliona shamba lenye panzi wengi ambao hawaruki. Walikuwa wanatambaa polepole, wengine wamelala chali wakichezesha miguu. Mtoto alifurahi. Alijaza kopo kwa muda mfupi. Kichuguu ndiye aliyekuwa mlafi kuliko mwenzake, akala wa kwanza na akala wengi. Msafara alikuwa anajivua ngozi siku hiyo, hakutaka kula.

Usiku Kichuguu alitetemeka. Alipindisha shingo. Alifajiri amekufa.

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, amekula nini?" Nikaangalia ndani ya kopo. Nikanusa. Harufu ya dawa ile nilikuwa nimetoka nayo shambani mwenyewe, katika nguo zangu.

Ndugu msomaji, panzi asiyeruka si riziki. Ni mgonjwa. Mdudu anayekamatwa kwa urahisi katika shamba lililopulizwa, au mende aliyelala chali ndani ya nyumba iliyopulizwa, amebeba sumu. Akiliwa na kuku, na kuku ataumwa. Akiliwa na ndege, ndege atakufa. Tangu mwaka ule, kila ninapofundisha kupuliza dawa, huanza na watoto. Huwaambia wazazi wawaite watoto wao waje wasikie, kwa sababu ndio wanaokamata panzi na senene.

MATEGE

Mtoto akishaumwa na nyoka huogopa ukamba. Mpwa wangu hakutaka tena kusikia habari ya panzi. Alianza kumpa Msafara minofu. Alikuwa akipata minofu ya samaki, au kipande laini cha nyama, anakikata vizuri na kutoa kila mfupa ili rafiki yake asisakamwe. Tena alimhamishia ndani ya stoo, katika sanduku lenye mfuniko, kwa kuogopa mwewe. Kila jioni alimfunika kwa gunia.

Alifanya haya yote kwa mapenzi. Msafara alinenepa. Nikasema, "Sasa umeweza."

Mwishoni mwa Januari Msafara aliacha kupanda kigogo chake. Akitembea, tumbo liliburuta chini. Vidole vilitetemeka. Taya lake la chini lilikuwa laini. Ukiligusa linabonyea kama pembe ya karatasi.

Nilimpeleka kwa bwana mifugo wetu. Wenzangu ofisini walicheka kuona bwana shamba amebeba kenge ndani ya kikapu. Bwana mifugo hakucheka. Alimshika taya, akamtazama miguu, akaniuliza maswali mawili tu: anakula nini, na anaota jua saa ngapi?

Nilipomjibu, alisema, "Ana matege."

Matege tunayajua. Mtoto wa binadamu asiyepata jua na chakula chenye madini ya chokaa, mifupa yake huwa laini na miguu hupinda. Kifaranga naye hupata. Na kenge vilevile. Mnofu mtupu una chokaa kidogo sana. Mifupa ya mnyama hukosa chokaa cha kujijengea, na mwili huanza kuchukua chokaa kutoka kwenye mifupa yenyewe ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Na hata chokaa kikiwemo katika chakula, bila jua mwili haukipokei vizuri. Jua likigusa ngozi hutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo inayokiingiza chokaa mwilini.

Porini kenge hali mnofu. Humeza samaki mzima na miba yake, panya mzima na mifupa yake, konokono pamoja na gamba lake. Meno ya mtoto wa kenge ni makali kama sindano, ya kushikia wadudu. Akikua, meno ya nyuma huwa butu na manene, ya kuvunjia magamba ya konokono na kaa. Mwili wake umetengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa tunamtolea mifupa!

Bwana mifugo alitupa dawa ya kuanzia, kisha akatufundisha dawa ya nyumbani. Tulikusanya maganda ya mayai ya kuku. Tukayachemsha, tukayakausha juani, tukayatwanga kwenye kinu mpaka yakawa unga laini. Kila tulipompa wadudu tuliwatia kwanza katika unga huo, kama mtu anayepaka samaki unga kabla ya kukaanga. Tulimpa dagaa wabichi wazima, wale wa ziwani wasiotiwa chumvi. Panzi tuliwachukua kwenye nyasi za malisho, mbali na mashamba yaliyopulizwa. Konokono tuliwaokota katika migomba asubuhi. Nilimkataza mpwa wangu kuwatafuta ndani ya maji yaliyotuama. Huku kwetu kanda ya ziwa, mtoto anayesimama kwenye maji ya namna hiyo hurudi na kichocho.

JUA, KIVULI NA MAJI

Kenge hana moto wa ndani kama sisi. Joto la mwili wake hutoka nje: kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye mchanga. Akiwa baridi hawezi kuyeyusha chakula. Chakula kitaozea tumboni. Ndiyo maana kenge aliyeshiba huonekana amelala juu ya jiwe saa nne asubuhi. Watu husema ni mvivu. Yuko kazini, anayeyusha chakula.

Lakini jua bila kivuli ni mauti. Ukimweka mtoto wa kenge ndani ya bati au ndoo juani, atakufa kabla hujamaliza kunywa chai. Lazima achague mwenyewe. Tulimjengea kizimba cha mbao cha urefu wa hatua mbili. Kuta tulizizungushia wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa sababu wavu wa kawaida wa kuku hupenyeka. Upande mmoja ulikuwa wazi kwa jua, na jiwe bapa la kulalia. Upande wa pili ulifunikwa kwa nyasi. Chini tuliweka udongo wa kutosha ili achimbe, na gogo lenye shimo ili ajifiche. Mnyama asiye na mahali pa kujificha huishi kwa hofu, na mwenye hofu hali. Usifunike kizimba kwa kioo au plastiki ukadhani jua linaingia. Mwanga utaingia, lakini ile sehemu ya jua inayotengeneza vitamini itazuiwa.

Maji yawe ya kunywa na ya kuogelea pia. Tulichimbia karai kuukuu ardhini, mwili wake wote ukaweza kuzama. Kenge hupenda kunya ndani ya maji. Kwa hiyo maji yabadilishwe kila siku. Maji humsaidia pia anapojivua ngozi. Ngozi kavu ikibaki kama pete kwenye kidole, hukikaba mpaka kidole kikafa. Mloweshe, uivue taratibu kwa mkono. Usiikwanyue.

Unapomshika, mtegemeze kifua na tumbo. Usimshike mkia. Mkia wa mjusi wa ukutani ukikatika huota tena, wa kenge hauoti.

Na mikono ioshwe kwa sabuni kila unapomshika yeye au karai lake. Kenge, kama mijusi mingine na kobe, hubeba vijidudu viitwavyo salmonela bila yeye kuumwa. Vijidudu hivi huleta homa na kuharisha, na kwa mtoto mchanga vinaweza kuua. Karai la kenge lisirudi jikoni. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Kuna wanaosema kung'atwa na kenge hakuponi. Si kweli. Kuna wanaosema kenge hunyonya ng'ombe usiku. Kenge hana midomo ya kunyonyea. Lakini jino lake hukata, kucha zake huchana, na kenge mkubwa akikuchapa kwa mkia utakumbuka. Jeraha lake lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati uonwe na kupata sindano ya pepopunda.

MTU WA PIKIPIKI

Mwezi wa Machi mwaka 2019 Msafara alianza kupanda gogo tena. Taya lake liligumu. Siku moja akaja mtu kwa pikipiki. Sikumfahamu. Alikuwa amesikia habari za mtoto mwenye kenge. Mimi sikuwepo.

Alimwambia mpwa wangu kwamba atampa shilingi elfu ishirini. Alisema Wazungu hufuga kenge ndani ya nyumba zao, na kwamba akimtafutia wengine kumi atampa zaidi. Mpwa wangu alikuwa anakwenda shule na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Alimwambia arudi kesho.

Jioni aliniuliza, "Mjomba, ni kweli Wazungu wanafuga kenge?"

Ni kweli. Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaofuga kenge. Kutoka nchi za Afrika ya Magharibi kama Ghana, Togo na Benin, kenge wadogo wamesafirishwa kwa maelfu kwenda Marekani. Wengi hununuliwa wakiwa na urefu wa mkono wa mtoto. Baada ya miaka michache mnyama anakuwa na urefu wa mtu mzima, na nyumba hazimtoshi. Katika mji wa Cape Coral, jimbo la Florida, kenge wa majini wa kutoka Afrika walionekana porini tangu miaka ya 1990 kwa sababu ya biashara hiyo ya wanyama wa kufugwa. Wakazaliana katika mifereji ya mji. Sasa hula mayai ya ndege wa huko, na serikali ya huko hutumia fedha kuwakamata.

Lakini kwa upande wetu sheria iko wazi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na haturuhusiwi kuwakamata bila kibali. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Kenge pia wamo katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Yule mtu wa pikipiki hakuonyesha kibali chochote. Angekamatwa njiani, angesema amempata kwa nani?

Hapo ndipo nilipojiuliza na mimi. Kibali changu kilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa na kenge miezi minne, mtumishi wa Serikali, nikisema ni kenge wa mtoto.

Kesho yake asubuhi niliondoka na mpwa wangu kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Nilimweleza yote, hata habari ya dawa. Alinisikiliza. Alisema tungekwenda kwake siku ile ile ya kichuguu. Kisha akaja kumwona Msafara. Alisema miguu yake bado haijawa na nguvu ya kutosha, tuendelee kumlisha kwa maelekezo yake mpaka mvua za masika zikolee, kisha tumrudishe pale pale alipotoka. Mtu wa pikipiki alirudi, akamkuta afisa bado yuko uani. Hakushuka kwenye pikipiki.

Kwa hiyo, wewe ukimpata mtoto wa kenge mzima, mwache. Kama jembe limevunja kichuguu na kumkuta, msogeze kwenye majani karibu na maji, basi. Akiwa amejeruhiwa, mtie katika sanduku lenye matundu na kitambaa chenye unyevu, umwambie afisa wanyamapori au ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo. Haya niliyoeleza juu ya chakula, jua na maji ni ya kumwokoa katika siku hizo za kungoja.

KURUDI MTONI

Wapo watakaoniuliza faida ya taabu yote hii kwa mnyama mwizi wa mayai. Kenge ni mwizi kweli. Banda la kuku lenye sakafu ngumu na wavu wa matundu madogo, na kuokota mayai kila jioni, humshinda. Lakini huiba pia mayai ya mamba. Huko Uganda, kwenye kingo za Mto Nile, watafiti wameona kwamba kenge ni miongoni mwa wezi wakubwa wa mayai hayo. Sisi tunaochota maji mahali penye mamba tulifikirie jambo hilo kabla ya kuokota jiwe. Hula pia panya, na hula mizoga ambayo ingeoza katika maji tunayokunywa. Majirani zetu Waganda huiwamba ngozi yake kwenye ngoma yao ndefu iitwayo engalabi. Ni mnyama aliyekaa nasi siku nyingi.

Katikati ya Aprili tulimpeleka. Alikuwa ameongezeka urefu karibu nusu ya ule aliokuja nao. Madoa ya manjano yalikuwa yameanza kufifia. Siku tano za mwisho hatukumpa chakula mkononi. Tulimwachia wadudu ndani ya kizimba awinde mwenyewe, na aliwinda.

Kile kichuguu kilikuwa kimebaki nusu. Mchwa walikuwa wamekwisha kuziba mahali palipochimbwa. Mpwa wangu aliweka kikapu chini, akafungua. Msafara hakutoka mara moja. Alitoa ulimi, akaurudisha. Halafu akatembea, tumbo lake halikugusa ardhi, akaingia katika matete. Tukasikia maji.

Mpwa wangu alikaa pale mpaka jua likazama. Sikumharakisha. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza kama atatukumbuka. Nikamwambia sijui, na safari hii sikuona haya kusema hivyo.

Viatu nilimnunulia mwezi uliofuata. Kizimba kipo mpaka leo. Mke wangu amekitia vifaranga.